Redio ya Baba na Ubeti wa Tatu

Hotuba ya mwanakwaya wa sauti ya nne, Jubilei ya Miaka 50 ya Kwaya

Nimepewa dakika tano nieleze tulivyopata nyimbo siku zile kwaya hii haina kinanda wala vitabu. Nitazungumza juu ya redio ya nyumbani kwetu.

Baba aliipata mwaka wa 1964 kutoka kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge kule Mwatate, aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Ilikuwa sanduku la mbao, zito kama mtoto. Ndani mlikuwa na valvu, zile taa ndogo za kioo, na ukiiwasha haikusema neno mpaka zipate moto. Tulikaa kimya tukitazama mwanga mwekundu nyuma ya sanduku; ikaja harufu ya vumbi linaloungua, kisha mvumo, kisha mtu. Ilitumia betri la gari, nalo lilibebwa begani hadi Wundanyi kuchajiwa, kwa hiyo haikuwashwa ovyo. Taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, matangazo ya vifo, basi, inazimwa.

Lakini jioni moja kila juma ilikuwa ya Mama. Alitafuta Sauti ya Injili, kituo cha Walutheri kilichotangaza kutoka Addis Ababa tangu 1963. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilicheka: watu wa Moshi, ambao mlima wao tunauona kutoka huku juu mawingu yakiondoka, sauti zao zilipitia Uhabeshi ndipo zitufikie.

Masafa mafupi ndiyo tabia yake. Mawimbi hupaa, yakagonga tabaka la juu angani, yakarudi chini mbali sana, na tabaka hilo halitulii. Sauti huja na kuondoka kama mtu anayeongea huku akipanda na kushuka vilima. Mama aliandika kwa penseli katika daftari langu la hesabu (nilichapwa shuleni kwa kurasa zile) na Jumamosi akawafundisha wenzake. Sauti ya kwanza aliijua kwa kusikia mara moja. Sauti ya nne aliikisia, na Mungu awasamehe wanaume waliomfuata.

Ule wimbo tunaouita Wimbo wa Taa ulipigwa mara tatu tu katika miezi kadhaa. Mara ya kwanza alipata ubeti wa kwanza, mara ya pili ubeti wa pili. Mara ya tatu, mapema mwaka wa 1977, Baba alinituma nje niushike waya wa antena juu ya mkabela, maana upepo ulikuwa umeukata. Nilikuwa na miaka tisa. Baridi ya Taita mnaijua. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikauachilia nipulizie vidole. Ndani sauti ikapotea. Nilipoushika tena, wimbo ulikuwa umekwisha.

Mama alisema, "Ni hali ya anga tu." Sikumwambia. Mwezi wa tatu mwaka huohuo serikali ya Ethiopia ikakichukua kituo, na wimbo haukupigwa tena. Mstari wa mwisho ukabaki wazi hadi Mama alipoujaza mwenyewe: "Nitakuja na taa yangu, hata mafuta yakipungua." Hivyo ndivyo mnavyouimba mpaka leo.

Sasa vijana wetu wameyapata maneno halisi, na kamati ya albamu inataka tusahihishe kabla ya kurekodi. Hawana kosa. Nimeyasoma, ni mazuri, na yanakubaliana na wimbo kuliko ya Mama. Kwenye kikao nilinyamaza, watu wakadhani nimeudhika. Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kusema kwamba haikuwa hali ya anga. Mama alifariki 1998 akiamini hivyo.

Redio bado iko kwangu. Valvu moja imepasuka na mchwa wamekula upande mmoja wa sanduku. Nimeileta, iko pale mezani karibu na keki; watoto, tazameni bila kugusa.

Kamati iamue inavyoona vyema, nami nitaimba watakachoamua. Ila leo mchana, kwa kuwa albamu haijarekodiwa, nawaomba ubeti wa tatu tuuimbe kama ulivyo kwenye daftari.