Mgeni wa Jana, Ndugu wa Leo



Katika Yubile hii tukumbuke deni letu. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Uganda walikimbilia Aru na Mahagi, wakakaa kati ya wenyeji. Mwaka 2018, kwa sababu ya vita ya Djugu, maelfu ya watu wetu walivuka Ziwa Albert. Nao wakapokelewa Kyangwali, Uganda. Wengine walifika hapa Bunia mikono mitupu.

Najua, vita imetufundisha kuogopana. Lakini mgeni akipiga hodi katika shirika letu, tusianze kumwuliza kabila. Tumwulize: «Watoto wamekula? Watalala wapi?» Maana hata Bwana wetu, akingali mtoto, alikuwa mkimbizi kule Misri.

Tumsifu Yesu Kristo!