Kupiga Simu kwa Wi-Fi Pale Mnara Usipofika: Mada kwa Maofisa TEHAMA wa Vituo vya Afya



Katika vituo vingi vya afya vya vijijini siku hizi intaneti ipo lakini simu haishiki. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, GoTHOMIS, unafunguka vizuri kwenye kompyuta ya mapokezi, taarifa za mwezi zinatumwa wilayani bila shida, ila muuguzi wa wodi ya wazazi akitaka kuongea na dereva wa gari la wagonjwa inambidi atoke nje, azunguke nyuma ya jengo, asimame pale ambapo kila mtumishi anapajua kuwa ndipo mtandao unaposhika. Mvua ikinyesha usiku, anatoka hivyo hivyo. Akiwa huko nje, mgonjwa yuko ndani peke yake.

Ninayotaka kuwaeleza leo ni kwamba tatizo hili, kwa kituo chenye intaneti, lina tiba ya bei nafuu ambayo iko ndani ya uwezo wa halmashauri. Tiba hiyo ni kupiga na kupokea simu za kawaida, kwa laini ya kawaida, kupitia Wi-Fi ya kituo. Ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yatakayochukua muda mwingi wa mada hii, kwa sababu kituo kikiiweka ovyo kitapata simu inayofanya kazi mchana wa jua na kugoma usiku wa dharura.

Kwa nini intaneti ifike na simu isishike

Intaneti ya kituo haitegemei mawimbi yaliyopo wodini. Inakuja kwa waya uliotoka kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, au kwa antena iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara wa mbali, au kwa dishi la setelaiti. Simu ya mkononi haina bahati hiyo. Yenyewe inategemea mawimbi ya mnara yapenye paa la bati, ukuta wa matofali na zege lenye nondo hadi yafike kiganjani. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, hupenya na kusafiri mbali zaidi. Yale ya 1800 na 2100 huchoka mapema. Katika maeneo ya milima kama Lushoto au safu za Uluguru, mnara unaweza kuwa kilomita chache tu kutoka kituoni na bado usisaidie, kwa sababu kituo kiko bondeni na mnara uko upande wa pili wa mlima. Chumba cha eksirei ndicho kibaya kuliko vyote, maana kuta zake zimejengwa makusudi zizuie mionzi.

Jambo jingine ambalo watumishi hulalamikia bila kujua chanzo chake ni betri. Simu ikisikia mnara kwa mbali huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili nayo isikike, na chaji huisha kabla ya zamu kuisha.

Namna inavyofanya kazi

Simu iliyowashiwa huduma hii ikiunganishwa na Wi-Fi hutafuta, kupitia intaneti, lango la kampuni yake ya simu. Jina la lango hilo lina namba ya nchi ndani yake: 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya, 641 kwa Uganda. Ikilipata, hujitambulisha kwa siri zilezile zilizomo kwenye laini, kisha hufungua njia iliyofumbwa kati yake na kampuni. Tangu hapo kampuni inaiona simu hiyo kama iko hewani. Mtu akipiga namba yako, inaita. Hahitaji kujua kuwa uko kwenye Wi-Fi, wala simu yake haihitaji intaneti.

Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Ukijumlisha vifungashio vyote, kilobiti 100 kwa sekunde kila upande zinatosha simu moja. Kwa kipimo hicho, saa nzima ya maongezi hula kama MB 90, pande zote mbili zikijumlishwa. Kituo kinachomudu kutuma taarifa zake kwa intaneti kinaumudu mzigo huu.

Teknolojia yenyewe si ngeni. T-Mobile ya Marekani iliiuza kwa wateja wake tangu 2007, Apple ikaiweka kwenye iPhone kupitia iOS 8 mwezi Septemba 2014, na EE ya Uingereza ikaanza nayo 2015. Huko nako iliwafaa zaidi watu wa mashambani na wale wanaoishi kwenye nyumba za kuta nene.

Kwa nini WhatsApp haitoshi

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali halali. Watumishi wetu tayari wanapigiana kwa WhatsApp kupitia Wi-Fi hiyohiyo. Kwa nini tujisumbue?

Fikirini ni nani anayempigia muuguzi usiku. Ni mume wa mama mjamzito aliye kijiji cha jirani, mwenye simu ya kitochi na salio la shilingi mia mbili. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye bando lake liliisha juzi. Ni dereva wa bodaboda aliyembeba mgonjwa. Hawa wote wanayo namba ya simu, iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki au kubandikwa mlangoni kwa kalamu ya wino mzito. WhatsApp inataka pande zote mbili ziwe na simu janja, bando na programu ileile. Upande mmoja ukikosa kimojawapo, hakuna simu.

Kwa upande wa kupiga hali ni hiyohiyo. Tanzania tunao mfumo wa m-mama wa kusafirisha kwa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na namba yake ni 115, bila malipo. Huwezi kuipigia 115 kwa WhatsApp. Huwezi kuwapigia polisi 112 kwa WhatsApp. Huduma zote ambazo nchi imezijenga juu ya namba ya simu zinabaki nje ya programu hizo.

Kuna pia jambo la uongozi, ambalo mimi nalipa uzito mkubwa. Mawasiliano ya kituo yakikaa kwenye WhatsApp ya mtumishi, yanakuwa mali yake. Akihamishwa, akienda likizo, simu yake ikiibiwa, kituo kinakuwa bubu. Namba ya kituo inapaswa kuwa laini ya kituo, iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, ndani ya simu inayobaki mezani kwa zamu. Simu hiyo ndiyo ya kwanza kuwekewa huduma ya Wi-Fi. Zile za watumishi binafsi zifuate baadaye.

Masharti

Huduma hii hutolewa na kampuni ya simu. Ruta haiwezi kuileta, wala fundi wa mjini. Lazima kampuni iwe imeiwasha kwa laini yako, na lazima simu yenyewe iwe ya aina ambayo kampuni hiyo imeikubali. Simu mbili za jina moja na toleo moja, moja iliyonunuliwa dukani kwa kampuni na nyingine iliyotoka Dubai, zinaweza kutofautiana hapa. Kwa hiyo msinunue simu kwanza. Ulizeni kwanza, kwa barua, mpate jibu la maandishi lenye orodha ya simu zinazokubalika.

Umeme nauona kuwa sharti zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Mnara wa simu una betri zake, na mingi ina jenereta. Umeme wa gridi ukikatika, mnara unaendelea. Ruta yako inazimika sekunde hiyohiyo, na simu zote za Wi-Fi zinazimika nayo. Kituo kilichozoea kupokea simu kwa Wi-Fi kitakosa simu usiku ambao taa zimezimika, yaani usiku ambao kinaihitaji zaidi. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati chache, kwa hiyo betri ndogo inayotosha usiku mzima si kitu cha kuvunja bajeti. Kituo chenye sola ya taa kinaweza kuiunganisha ruta humo. Kumbukeni pia kifaa cha antena ya paani au cha dishi: ruta ikiwaka na kile kikazimika, mmefanya kazi bure. Hesabuni kila kifaa kuanzia paani hadi mezani.

Kisha mtandao wa ndani. Baadhi ya ofisi zimewekewa fayawoli zinazoruhusu tovuti tu na kufunga mengine yote. Njia ya simu za Wi-Fi hupita kwenye milango ya UDP namba 500 na 4500. Ikifungwa hiyo, simu itaonyesha Wi-Fi imejaa mistari yote na bado haitaita. Nayo foleni ni adui. Kompyuta moja ikianza kupakua masasisho, pakiti za sauti hukwama nyuma yake na maongezi yanakatika-katika. Ruta nyingi zina uwezo wa kuipa sauti kipaumbele, uwasheni. Simu za kazi zipewe jina lake la Wi-Fi na nywila yake, na wagonjwa na wageni wawe na mtandao mwingine uliowekewa kikomo.

Wenye setelaiti wazingatie umbali. Setelaiti za zamani zinazokaa mahali pamoja angani ziko kiasi cha kilomita 36,000 juu yetu, na sauti kupanda na kushuka huchukua karibu robo sekunde. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili maongezi yawe ya kawaida, na wapangaji wa mitandao wasivuke 400. Simu ya namna hiyo inafaa, lakini watu wanakatizana maneno, hivyo wafundisheni watumishi kumaliza sentensi na kusubiri. Setelaiti za chini kama za Starlink, zilizo kiasi cha kilomita 550 juu na ambazo Kenya zilianza kutoa huduma 2023, hazina tatizo hilo.

Yale ambayo Wi-Fi haitawapa

Menyu za nyota na reli. Sauti hupita kwa Wi-Fi, na meseji mara nyingi hupita, lakini *150*00# na ndugu zake hutegemea mfumo mwingine ambao kampuni nyingi duniani hazikuuhamishia kwenye Wi-Fi. Kituo kinacholipa au kupokea fedha kwa simu kisidhani kitafanya hivyo wodini.

Kutembea na simu. Ukianza maongezi ndani kwa Wi-Fi kisha ukatoka hadi getini, simu inaweza kuhamia kwenye mnara bila kukatika ikiwa mnara huo una 4G yenye huduma ya sauti. Kama nje kuna 2G peke yake, na baadhi ya vijiji ndivyo vilivyo, itakatika. Muuguzi anayempa dereva maelekezo ya dharura abaki ndani mpaka amalize.

La tatu ni mahali ulipo. Simu inayopita mnarani huiambia kampuni iko chini ya mnara gani. Inayopita Wi-Fi haisemi hivyo, na ndiyo maana Marekani mteja hutakiwa kuandikisha anwani yake kabla ya kuwashiwa huduma. Kwetu dharura kama 115 huhitaji simu ifike kituo cha uratibu kinachohusika na gari la karibu. Mtumishi azoee kuanza kwa kutaja jina la kituo, kata na wilaya kabla hajaeleza hali ya mgonjwa. Na namba fupi zote mnazotegemea zijaribiwe moja moja kwa Wi-Fi, mkiwa mmekubaliana kwanza na wapokeaji, msije mkawashtua. Ambayo haipiti, andikeni kando yake namba ndefu ya kawaida.

Kujaribu kwenyewe ni rahisi. Wekeni simu kwenye hali ya ndegeni ili iachane na mnara kabisa, kisha washeni Wi-Fi peke yake. Pigeni kwenye kitochi kilicho mbali, halafu kitochi hicho kiwapigie. Ongeeni dakika kumi nzima, maana njia nyingine hufunguka vizuri na kufa baada ya dakika chache. Tumeni meseji na mpokee. Mwisho zimeni umeme kwenye swichi kuu mkiwa katikati ya maongezi. Kituo ambacho maongezi yake yamekatika hapo bado hakijawa tayari, hata kama mengine yote yamefaulu.

Kuhusu minara

Nina hofu moja niiseme wazi. Kiongozi akisikia kituo kimepata simu za Wi-Fi anaweza kuona ombi la mnara halina haraka tena. Hilo litakuwa kosa kubwa. Wi-Fi ya kituo inaishia kwenye uzio wa kituo. Mama aliyeshikwa na uchungu kilomita nane kutoka hapo hana Wi-Fi. Anahitaji mnara ili simu yake ifike kwenye simu yetu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya 2006, upo kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida kuyafikia, na maombi ya vijiji vyetu yaendelee kupelekwa huko kwa nguvu ileile.

Kituo kimoja kikiandikia kampuni ya simu, barua yake ni ya mteja mmoja. Halmashauri nzima ikiandika kwa niaba ya vituo vyake vyote, ni mteja mkubwa. Nawaomba waganga wafawidhi mlioko hapa mumkabidhi ofisa TEHAMA wenu orodha ya vituo vyenye intaneti ambavyo wodi zake hazina mtandao wa simu, ili Mkurugenzi asaini barua moja ya kudai huduma hii iwashwe kwa laini za vituo hivyo. Na kwenye bajeti ijayo, fungu la ruta liandikwe pamoja na betri yake.