Chipu Inayozimika Ikipiga Hodi

Mazungumzo ya leo yanahusu chipu ya GSM, ile inayoiwezesha mashine kutuma ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu, na tabia yake moja inayowakosesha mafundi usingizi. Huwashwa, taa yake ndogo hupepesa mara kadhaa, kisha hujizima na kuanza upya, bila kikomo.

Chukueni mfano wa ndugu wawili. Mkubwa ni fundi wa elektroniki aishiye Agincourt, eneo la Scarborough, mashariki mwa jiji la Toronto, lenye jina la kijiji cha Ufaransa kilichoshuhudia vita vya mwaka 1415. Mdogo yuko kijijini wilayani Bagamoyo, ambako kamati ya maji imemkabidhi saketi ya kutoa taarifa pindi tangi la kisima linapopungua maji. Majira ya baridi, saa nne usiku ya Toronto ni saa kumi na mbili asubuhi ya Bagamoyo, na hapo ndipo simu hupigwa.

“Shikamoo kaka. Chipu hii nayo imekufa. Ni ya tatu, na fedha za kamati zimekwisha.”

“Marahaba. Usiitupe kwanza. Ukitoa laini, inafanyaje?”

“Nikitoa laini inakaa tu, haizimiki. Basi laini ndiyo mbovu?”

Jawabu hilo huwapoteza wengi, kwani dalili inaelekea upande mmoja na ugonjwa uko upande mwingine. Chipu isiyo na laini husikiliza minara tu, haijiandikishi. Ikitiwa laini hulazimika kupiga hodi mtandaoni, na hodi ya kwanza hupigwa kwa sauti ya juu kabisa ambayo mnara unaruhusu, kwa kuwa bado haijaambiwa ipunguze. Katika masafa ya megahezi 900 sauti hiyo yaweza kufika wati 2, na chipu huvuta umeme wa hadi ampea 2 kwa mikrosekunde 577, yaani kitambo kinachozidi kidogo nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hapo ndipo nyaya hufichua udhaifu wake. Chipu za jamii ya SIM800, zilizoenea mno Afrika Mashariki, huhitaji volti kati ya 3.4 na 4.4. Nyaya nyembamba na viungio vilivyolegea vikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampea 2 hupoteza volti nzima njiani. Volti 4 huwa 3, na chipu huzimika kabla hodi haijaitikiwa.

Kijana atasema amepima na testa ikaonyesha karibu volti 4. Hakukosea kusoma. Testa ya kawaida huonyesha wastani, na umeme huo mwingi huvutwa kwa sehemu moja tu kati ya nane za muda, hata chipu inapozungumza mfululizo. Osiloskopu ingelionyesha bonde hilo waziwazi, lakini ni vijiji vingapi vyenye osiloskopu?

Wapo wanaokimbilia chaja ya volti 5 wakidhani umeme haukutosha. Hiyo ni kuiua chipu kweli. Wengine huongeza kapasita kubwa na kujiona wamemaliza kazi. Hesabu yakataa: kapasita ya mikrofaradi 1000 ikiachiwa peke yake mzigo wa ampea 2 kwa muda ule, hushuka kwa zaidi ya volti moja. Kapasita husaidia ikiwa karibu kabisa na miguu ya chipu, lakini haiwezi kufidia nyaya mbovu.

Dawa ni nyepesi. Betri moja ya lithiamu yenye chaji, ambayo hutoa takriban volti 3.7 hadi 4.2 na inayoweza kumudu ampea 2, iwekwe karibu na chipu. Nyaya ziwe fupi na nene, tena zichomelewe kwa risasi, zisichomekwe kwenye ubao wa majaribio. Kisha laini ile ile irudishwe. Taa ikiacha kupepesa upesi na kuanza kumulika mara moja kila baada ya sekunde tatu hivi, chipu imeshapokelewa na mtandao.

Na zile chipu mbili zilizotangulia zitolewe koponi zipimwe kwa njia hiyo hiyo, kabla kamati haijaombwa fedha za kununua ya nne.