Ngoma na Mbano: Urithi wa Rika Zote

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei





Mwenyekiti ameshasimulia safari ya kwaya yetu, nami sitairudia. Nimeombwa nizungumze juu ya ngoma tunayoipiga, na hadithi tunazowasimulia watoto baada ya mazoezi ya Jumamosi.

Baadhi ya wazee wetu wameuliza kwa nia njema: ngoma ya kilumi ina nafasi gani nyumbani mwa Bwana? Swali hili si dogo. Kilumi ilichezwa, hasa na akina mama, wakati wa kuomba mvua na kutuliza pepo. Wamisionari walipoikataa, waliikataa pamoja na ngoma yenyewe. Wengi wa babu na nyanya zetu walibatizwa wakiamini kwamba kuacha ngoma ni sehemu ya kumpokea Kristo. Tuwaheshimu, kwa maana waliacha kitu walichokipenda.

Hata hivyo, ngoma ni mti na ngozi. Mukau tunaochonga mzinga wa nyuki ndio huohuo tunaochonga ngoma. Ngoma humtumikia yule anayepigiwa. Miriamu alishika tari baada ya kuvuka bahari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza. Mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka muziki wa kila taifa uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Tena kabla ya hapo, mwaka 1958, wanakwaya wa Kamina, Kongo, wakiongozwa na Padre Guido Haazen, walikuwa wameimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, sauti na ngoma za kwao. Mwaka huohuo wakaenda kuimba Ulaya.

Sasa nije kwenye mbano, hadithi zetu za Kikamba. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyekuwa pia kasisi, alizikusanya na mwaka 1966 akachapisha kitabu, Akamba Stories. Jina lake kwetu ni fisi, na bila shaka fisi wa hadithi hakuwahi kupata mtetezi msomi kama huyo!

Jumamosi zetu tunaunganisha hayo mawili. Ukipiga ngoma pembeni, sauti ni nyembamba na nyepesi: huyo ni sungura anakuja. Ukipiga katikati, sauti ni nzito: fisi huyo. Mtoto wa miaka 4 hujua nani ameingia kabla hajatajwa. Kijana wa sekondari hujifunza kushika mapigo bila kukimbia. Nyanya aliyekuja kumchukua mjukuu hukaa, husahihisha hadithi, kisha huimalizia mwenyewe. Sijaona somo jingine linaloketisha rika tatu kwenye benchi moja.

Lakini ndugu zangu, tusijidanganye. Katika kwaya hii wanaojua kuwamba ngozi wamebaki wawili, na wote wamepita miaka 70. Kinanda tulichonunua ni baraka, ila tunaishi jirani na mabwawa ya Masinga na Kamburu yanayozalisha umeme, na bado stima hupotea katikati ya Utukufu. Siku hiyo ni ngoma inayotuvusha. Wazee hao wakitutoka kabla hatujajifunza, tutabaki na ngoma iliyopasuka ukutani, na watoto wasioelewa Kikamba cha nyanya zao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazee, njooni Jumamosi, hata bila kualikwa. Wazazi, waleteeni watoto hadithi moja kwa juma, kwa Kikamba, kabla ya kulala. Vijana, simu mnazo: rekodini sauti za wazee hawa, na msiishie hapo, shikeni patasi na ngozi mjifunze kwa mikono.

Mwaka ujao tungependa ngoma mpya, iliyowambwa na vijana huku wazee wakiwaelekeza, iletwe altareni pamoja na vipaji vingine.