Madai ya Askari Aliyelemaa, na Kupimwa kwake na Daktari
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mlitutaka tuseme juu ya jambo ambalo wengine walinong'ona ya kuwa si letu, yaani jinsi askari wa Marekani aliyelemaa katika utumishi anavyodai aongezewe kiwango cha ulemavu, na jinsi apimwavyo na daktari. Sisi twaona ni letu. Wana wetu wamo katika jeshi lile. Tangu mwaka 2009 hata 2016 Jeshi la Marekani liliandika wageni wenye kujua lugha zilizotakiwa, na Kiswahili kilikuwa kimojawapo. Na wengine wameingia kwa njia ya kawaida, wakiwa na hati ya ukaazi. Tena shauri lenyewe tangu mwanzo hata mwisho ni la karatasi, na karatasi ndiyo kazi yetu.

Haitupasi kupita hapa pasipo kuwakumbuka wazee wetu wa King's African Rifles, waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bahashishi yao ya kuagwa ilihesabiwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hata mara tatu ya Mwafrika. Habari za hati zilizoonyesha hesabu hiyo zilienea duniani mwaka 2019, wengi wa wazee hao wakiwa wamekwisha kuzikwa. Twawakumbuka wale waliorudi vijijini na makovu, wasijue ni mlango gani wa kubisha. Basi penye mlango uliowazi, ni aibu mtu wetu arudi mikono mitupu kwa kutojua kubisha tu.

Sasa tuingie katika sheria. Idara ya Askari wa Zamani ya Marekani hupima ulemavu kwa hesabu ya mia, kuanzia 0 hata 100, ikipanda kwa kumi kumi. Kila ugonjwa una namba yake katika kanuni, na maelezo ya kila daraja. Tuchukue goti. Goti zima hukunjika hata nyuzi 140. Likiwa haliwezi kukunjika kupita nyuzi 45, kiwango ni 10 katika mia; lisipopita nyuzi 30, ni 20; lisipopita 15, ni 30. Tena iko kanuni ya kwamba kiungo chenye maumivu katika kwenda kwake kistahili angalau daraja la chini la malipo, hata kama nyuzi hazikupungua kiasi hicho.

Mwenye ulemavu zaidi ya mmoja asijumlishe kama ajumlishavyo karani wa duka. Wamarekani huanza na mtu mzima, 100. Ulemavu wa 50 humwachia 50. Ulemavu wa pili ukiwa 30, hauchukui 30 kamili, bali 30 katika mia ya ile 50 iliyosalia, yaani 15. Hapo pana 65, na hiyo 65 huandikwa 70. Tumekwisha kuona watu wenye digrii wakigombana juu ya hesabu hii, kila mmoja akidhani Serikali imemwibia 10.

Tungeweza kuwasomea kanuni mpaka jua lichwe, lakini habari ya mpwa wetu itawafaa zaidi, naye ametupa ruhusa.

Mpwa wetu huyu alitumika miaka sita. Alitoka na goti la kulia lililoumia katika mazoezi, na mlio wa masikio usiokoma. Kila kimoja kilipewa 10. Kwa hesabu tuliyoieleza ilikuwa 19, ikaandikwa 20. Miaka ikapita, goti likazidi. Siku nyingine alikuwa akiteremka ngazi za ghala anakofanya kazi kwa makalio, kama mtoto mchanga. Akaandika dai la kuongezewa, akaitwa kupimwa. Majibu yakaja: goti libaki 10.

Akatupigia simu akiwa na hasira. Tukamwambia, "Usituambie walivyokukosea. Omba nakala ya taarifa ya daktari, utuletee tuisome."

Taarifa ilipokuja tuliisoma usiku mmoja. Goti lilikunjika nyuzi 110, na maumivu mwishoni. Mahali palipoulizwa kama kuna siku ambazo hali huzidi, palijazwa ya kuwa mgonjwa hakusema lolote la namna hiyo. Tukamwuliza, "Hapa daktari alikuuliza nini?"

Akasema, "Mjomba, aliniuliza hali yangu. Nikamwambia sijambo, namshukuru Mungu, siku hizi afadhali."

Ndugu zangu, tulicheka, kisha tukanyamaza. Nani kati yetu angejibu vingine? Mtoto wetu hufundishwa tangu anyonyapo ya kwamba mtu akikuuliza hali, hujambo, hata kama wafa. Kwanza husema "nzuri", ndipo baada ya salamu kwisha aseme "ila kidogo tu". Huyu daktari hakungoja hiyo "ila". Hakuwa daktari wa kumtibu. Kazi yake ilikuwa kupima na kuandika, na yeye hakati shauri. Akatiye shauri ni karani mfano wetu, aliyekaa mbali, ambaye hatamwona mpwa wetu maisha yake yote. Mbele yake iko taarifa tu. Neno "sijambo" lilisafiri likafika kwake, na ile "ila" ikabaki nyumbani.

Tena asubuhi ile goti lilikuwa katika siku yake njema, naye alikuwa amekunywa dawa ya maumivu ili aweze kuendesha gari. Hilo nalo hakulisema.

Sheria yenyewe haikumkataza kusema. Mahakama ya Rufani ya Madai ya Askari wa Zamani iliamua mwaka 1995 ya kwamba katika viungo haitoshi kupima nyuzi tu. Yapasa kutazama pia jinsi maumivu, uchovu na udhaifu vipunguzavyo kazi ya kiungo. Mwaka 2017 ikaongeza ya kwamba daktari aulize habari za siku mbaya, akadirie upungufu wake, hata kama siku ya kupima ni njema. Lakini daktari atakadiria nini kwa mtu aliyemwambia hajambo?

Kwa sheria ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, asiyeridhika ana njia tatu. Aweza kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya uhusuo jambo lenyewe. Aweza kuomba afisa mkubwa zaidi asome faili ile ile upya, pasipo kuongezwa kitu. Au aweza kwenda Baraza la Rufani mbele ya hakimu. Akianza mojawapo katika mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, haipotezi tarehe yake ya kwanza, na tarehe hiyo ndiyo malipo huhesabiwa kwayo. Mpwa wetu alitaka Baraza, maana alitamani kumwona hakimu uso kwa uso. Tukamkataza. Faili yake haikusomwa vibaya, ilikosa maneno. Kosa la namna hiyo dawa yake ni maneno, siyo hakimu.

Akaanza daftari. Kila siku mbaya aliandika tarehe, goti lilikunjika kiasi gani, lilidumu saa ngapi, na kazi gani ilimshinda. Mkewe akaandika alivyoona kwa macho yake, si aliyoambiwa. Mwenzake wa ghalani akaandika habari ya ngazi. Tulimwonya mkewe aondoe neno "daima" mahali pawili, kwa kuwa halikuwa kweli, na shahidi aliyezidisha kidogo huaminiwa kidogo hata katika yaliyo kweli. Tena kusema uongo katika dai ni kosa la jinai. Hospitali ilikomtibu ikatoa kumbukumbu za miaka miwili. Mtu wa chama kimoja cha askari wa zamani, mwenye kibali cha Idara, alimsaidia kupeleka yote, asitake hata senti. Wako na wengine watakao sehemu ya malipo kwa kujaza tu dai la kwanza. Hao sheria haiwaruhusu, nanyi msiwape ndugu zenu namba zao.

Akaitwa kupimwa mara ya pili. Tulimwagiza asikose, kwa kuwa asiyehudhuria bila sababu njema aweza kukataliwa kuongezewa kwa jambo hilo peke yake. Tukamwambia pia atembee kama atembeavyo, asijikokote wala asijikaze. Daktari akikunja goti, aseme "hapa" pale maumivu yanapoanza, asingoje yamshinde. Na akiulizwa hali, salamu aiweke kando. Akamwambia daktari: leo ni siku ya wastani, katika mwezi nina siku mbaya tano au sita, na siku hizo goti halipiti hapa. Akaonyesha kwa mkono. Daktari akapima, akaandika nyuzi 30.

Goti likapewa 20. Mlio wa masikio ulibaki 10, nao kwa kanuni ile haukuweza kuzidi hapo. Hesabu ikawa 28, ikaandikwa 30. Wengine mtasema, kazi yote hiyo kwa kumi moja? Mwaka 2024 mwenye 20 alilipwa dola 338.49 kwa mwezi, na mwenye 30 dola 524.31, tena kuanzia 30 ndipo mke na watoto huhesabiwa juu yake. Mpwa wetu ana watoto watatu.

Lakini si kila mtu twamshauri adai. Aombaye kuongezewa hufungua faili yake yote, na mtu aliyepata nafuu aweza kupunguziwa. Kiwango kilichodumu miaka 5 hakipunguzwi kwa kipimo kimoja tu cha siku njema, ila kwa ushahidi wa kwamba nafuu imedumu. Kilichodumu miaka 20 hakishuki, isipokuwa kilipatikana kwa hila. Basi atazame kwanza miaka yake.

Karani wa Chama anayo nakala ya daftari la mpwa wetu, jina likiwa limefutwa, kwa atakaye kuona jinsi lilivyoandikwa. Wenye ndugu katika shauri la namna hii na waje Jumamosi baada ya kazi, wakichukua barua ya uamuzi yenyewe. Wasije na maneno ya simu, maana twataka kuiona tarehe.