Mgeni wa Mgeni Ndani ya Kompyuta

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Leo sikuja kumlaumu mtu mwingine. Nimekuja kuungama kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini wenzangu wengi wa fani hii wanalifanya kila siku, na gharama yake wanailipa watu wasiojua hata jina lake.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Katika mtaa wetu tuna chama kidogo cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 43. Wamo mama ntilie, mafundi cherehani, walimu wachache na wazee waliostaafu. Mwaka 2019 wenzangu waliniomba niwaandikie programu ya kutunza hesabu za hisa na mikopo, ili lile daftari la karatasi lipumzike. Nilikubali haraka, tena kwa majigambo.

Shida ya kwanza ilikuwa kompyuta zenyewe. Mhazini wetu, mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, ana kompyuta ya mtumba inayotumia Windows. Katibu ana Macintosh aliyoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo. Mimi natumia Linux. Kwa kawaida programu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ya aina moja haikubali kufanya kazi kwenye nyingine. Kwa hiyo nikachagua lugha ya Java.

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Marekani iliyoitwa Sun Microsystems, na mtu aliyeongoza kazi ya kuitunga ni James Gosling. Ahadi yake ilikuwa kwamba utaandika programu mara moja, nayo itafanya kazi popote. Siri ni hii: programu ya Java haisemi na kompyuta moja kwa moja. Inasema na mkalimani aliyewekwa ndani ya kompyuta, na mkalimani huyo ndiye anayejua desturi za Windows, za Macintosh au za Linux. Ni mpango mzuri, na mpaka leo mabenki mengi duniani yanautegemea.

Lakini mtunzi wa programu haandiki kila kitu kwa mkono wake. Huazima. Ukitaka kuchapa taarifa, yupo mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo na kuitoa bure kwa wote. Fungu kama hilo la kazi zilizokwisha kuandikwa tunaliita maktaba. Tena kipo chombo cha kuzileta: unaandika jina la maktaba katika mistari michache tu, nacho kinakwenda kwenye intaneti na kukuletea. Kumbe maktaba hiyo nayo imeazima kwa nyingine, na hiyo nyingine imeazima pia. Umemwalika mgeni mmoja kula chakula cha jioni. Anakuja na shemeji yake, shemeji anakuja na rafiki, na rafiki amebeba godoro.

Ndivyo yalivyonipata. Niliazima maktaba ya tarehe, ya kuchapa taarifa, ya kuhifadhi hesabu, na ya kupanga madirisha kwenye kioo. Maneno niliyoandika mimi mwenyewe hayakufika kilobaiti 80. Mzigo niliompelekea mhazini ulikuwa megabaiti 61. Yule mama alikuwa anaupokea kwa bando la simu yake. Bando likakatika njiani, akanunua jingine. Siku alipoifungua programu, ilichukua zaidi ya dakika nzima kuonyesha ukurasa wa kwanza, na feni ya kompyuta ikinguruma kama mashine ya kukoboa.

"Mwanangu," aliniambia, "hesabu za watu 43 tu, uzito wote huu wa nini? Umefungia mawe?"

Nilicheka. Nikamjibu, "Mama, programu za siku hizi ndivyo zilivyo."

Ndugu wasikilizaji, lile lilikuwa jibu la mvivu. Nililipia baadaye.

Mwezi Desemba mwaka 2021 dunia ya kompyuta ilitikisika. Ipo maktaba ya Java iitwayo Log4j, inayotunzwa na watu wa kujitolea chini ya shirika la Apache. Kazi yake ni ndogo: kuandika katika daftari kila linalotokea ndani ya programu. Fulani kaingia saa fulani, kosa fulani limetokea, basi. Lakini mwaka 2013 iliongezewa uwezo mwingine. Ilipokuta maneno yaliyopangwa kwa namna fulani, haikuyaandika tu. Iliyafuata, ilikwenda hadi kompyuta ya mbali iliyotajwa humo, na iliweza kuchukua maagizo kutoka huko na kuyatekeleza. Ni sawa na karani wa masijala ambaye, badala ya kuandika jina la mgeni kitabuni, anafanya kila alichoagizwa na mgeni huyo.

Mtaalamu wa kampuni ya Alibaba ya China aliliona tatizo hilo, na Novemba 2021 akawaarifu watunzaji. Desemba 9 likajulikana hadharani. Katika kipimo cha hatari kinachoishia 10, lilipewa 10. Katika mchezo wa Minecraft, ambao toleo lake la kwanza limeandikwa kwa Java, ilitosha mtu kuandika mstari mmoja katika maongezi ya wachezaji ili kuishambulia kompyuta inayouendesha. Mafundi wa dunia nzima waliikosa Krismasi yao. Watunzaji wale wa kujitolea walitoa marekebisho, wakayarekebisha tena marekebisho yenyewe, huku wakilaumiwa na makampuni tajiri yaliyokuwa yakiitumia kazi yao bila malipo.

Nataka mlitazame jambo moja hapo. Watunzi wengi walioiazima Log4j walihitaji daftari tu. Uwezo ule wa kufuata maneno hadi ng'ambo hawakuuomba, na wengi hawakujua kuwa upo. Nyumba zao ziliingiliwa kupitia mlango ambao hawakuujenga wala hawakuutumia. Hapo ndipo unapoona kuwa uzito wa ziada una hatari kubwa kuliko kula bando na kuchelewesha kazi. Kila kipande usichokihitaji ni mlango, na kila mlango unataka mlinzi.

Mhazini alizisikia habari hizo. Akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja: "Hilo dude wanalolisema, kwenye programu yetu limo au halimo?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyeiandika programu. Fedha zilizokuwamo ni za mama anayeamka saa kumi za usiku kukanda unga, ni za mzee anayeweka kiinua mgongo chake kidogo kidogo. Nami sikujua kilichokuwa ndani ya kazi ya mikono yangu.

"Sijui, mama," nilisema. "Nipe hadi kesho."

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kukifanya miaka miwili kabla. Chombo kile kinacholeta maktaba kina amri ya kuchora ukoo wote: nani kaletwa na nani. Sikuwahi kuitumia. Nilipoitumia, yakatoka majina zaidi ya 70. Mimi nilikuwa nimealika manne. Na Log4j ilikuwamo, imeletwa na mgeni wa mgeni wa ile maktaba ya kuchapa taarifa. Bahati njema, programu yetu haikupokea maneno kutoka intaneti, kwa hiyo hatari yetu ilikuwa ndogo. Lakini usalama wa bahati si wa kujivunia.

Huenda mtu akasema hayo ni ya Java peke yake. Sivyo. Machi 2016, katika lugha ya JavaScript, mtunzi mmoja aligombana na wasimamizi wa ghala la maktaba kwa sababu ya jina, akaziondoa kazi zake zote. Mojawapo ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ni kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno hadi litimize urefu unaotakiwa. Programu nyingi kubwa duniani zikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa, hadi ghala lilipoirudisha. Mistari kumi na mmoja! Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Wala onyo halikukosekana. Niklaus Wirth, bingwa wa Uswisi aliyeitunga lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995, mwaka ule ule wa Java, akilalamika kwamba programu zinanenepa upesi kuliko mashine zinavyoongezeka nguvu. Alifariki Januari 1, 2024, na malalamiko yake hayajazeeka. Turbo Pascal ya mwaka 1983 ilikuwa na sehemu ya kuandikia na ya kutafsiria kwa pamoja, na yote haikufika kilobaiti 50. Leo kijana anayetaka kuandika programu za simu kwa Android Studio anaambiwa awe na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Mwanafunzi mwenye mashine ya mtumba ya gigabaiti 4 anaikuta njia imefungwa kabla hajaandika neno la kwanza. Waliozitengeneza zana hizo hawakukusudia kumfungia. Wanafanyia kazi kwenye mashine mpya na intaneti isiyopimwa, basi uzito hawauhisi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu ajiandikie kila kitu. Anayejitungia mwenyewe namna ya kuficha siri za fedha kwa kukataa kuazima ni mpumbavu kuliko mimi. Kuazima ni busara, ila sharti ujue umeazima nini, kwa nani, na kwa kazi gani.

Basi nilikaa na ule ukoo wa wageni 70, nikamwuliza kila mmoja amekuja kufanya nini. Maktaba ya tarehe niliiondoa, kwani tangu mwaka 2014 Java yenyewe inazimudu tarehe vizuri. Ya madirisha niliiondoa, nikatumia madirisha ya kawaida yasiyo na mapambo. Ya kuchapa nikaibadilisha kwa nyingine ndogo. Ya kuhifadhi hesabu nilibaki nayo. Mzigo ukashuka kutoka megabaiti 61 hadi 14, na sehemu kubwa ya hizo 14 ni kwa sababu maktaba ya hesabu hubeba nakala yake kwa kila aina ya kompyuta. Hiyo ni gharama ya kutaka kwenda popote, nami nailipa nikijua ninachokilipia.

Kisha nilikwenda nyumbani kwa mhazini, nikaijaribu kwenye kompyuta yake, wala si kwenye yangu. Ilifunguka kabla hajamaliza kunikaribisha chai. Nikampa karatasi yenye majina ya maktaba zote zilizobaki, na mbele ya kila jina nimeandika kazi yake kwa Kiswahili. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka ndani ya lile daftari la zamani la hisa.

"Sasa," alisema, "siku nyingine nikikuuliza, usiniambie hujui."

Ndugu zangu watunzi wa programu, na nyinyi mnaowapa kazi, kaulizeni swali la mama huyo: limo au halimo? Asiyeweza kulijibu asikabidhiwe fedha za watu.

Kwa leo naishia hapo.