Kiti Kimoja, Wanunuzi Wawili

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Kilosa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kilosa na Mikumi.)



Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kilosa, mji ambao umeishi na reli tangu enzi za Wajerumani, ukapata stesheni katika reli hiyo mpya. Leo mwalimu wa Mikumi anayeitwa Dodoma kikazi anaweza kuja hapa kwa gari, akaendelea kwa treni. Lakini kabla ya kufika stesheni hana budi kupata kiti, na siku hizi kiti hutafutwa kwa simu. Nimekuja kuzungumzia zile dakika chache zilizopo baina ya kuchagua kiti na kukilipia. Ni dakika chache kweli, lakini zimebeba swali la zamani la siasa yetu: kitu kikiwa haba, nani akipate, na kwa utaratibu gani?

Wazee waliomo humu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa adimu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani. Mwananchi aliyaelewa hayo. Jambo ambalo hakulikubali ni kuambiwa kwamba bidhaa imekwisha hali imefichwa chini ya meza. Methali inayomtaka mtaka cha mvunguni ainame haikukusudia mvungu wa meza ya duka! Ndiyo maana mwaka 1983 Waziri Mkuu, Ndugu Edward Sokoine, alipoongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, wananchi wengi walimuunga mkono. Aliaga dunia kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, Dakawa, katika mkoa wetu huu wa Morogoro.

Leo mwenye duka ni programu ya kompyuta. Programu haina ndugu wala rafiki, lakini hufuata kanuni iliyoandikwa na binadamu, na kanuni inaweza kuwa ya haki au ya dhuluma. Yatupasa basi tuielewe.

Ziko njia tatu za kuhesabu mali iliyo haba. Ya kwanza ni kupunguza hesabu baada ya malipo tu. Kimebaki kiti kimoja. Watu wawili wanakiona, wote wawili wanalipa. Mmoja anapata kiti, mwenzake anabaki na risiti. Njia ya pili ni kupunguza hesabu mara mtu anapochagua, bila kumwekea ukomo. Hapo mtu mmoja aweza kuchagua viti kumi asilipie hata kimoja. Treni inaandikwa kuwa imejaa, kisha inaondoka na viti vitupu huku wananchi wamebaki nyumbani.

Njia ya tatu ndiyo ya haki: kushika kwa muda. Kiti kinawekwa kando kwa jina la aliyekichagua, anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na anatangaziwa dakika alizonazo. Akilipa, kiti ni chake. Muda ukiisha, kinarudi hadharani kwa wote.

Hata hivyo, njia hii nayo ina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba kutazama hesabu na kuipunguza kuwe tendo moja lisilogawanyika. Fikirini makarani wawili wenye daftari moja. Wa kwanza anasoma “kimebaki 1”. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma “kimebaki 1”. Wote wawili wanauza. Hakuna aliyeiba, lakini kiti kimoja kimeuzwa mara mbili. Dawa yake ni kwamba anayelisoma daftari kwa nia ya kuuza alishike mpaka amalize kuandika.

Sharti la pili linahusu malipo yaliyochelewa. Fedha za simu zaweza kukwama njiani, zikafika baada ya muda kwisha na kiti kimekwisha kuchukuliwa na mwingine. Kwa hiyo namba ya malipo haina budi kufa pamoja na muda wake, na fedha ikipita kwa bahati mbaya, irudishwe upesi bila mwananchi kuzungushwa. Aidha, mtu aliyebonyeza mara mbili kwa sababu mtandao ulikuwa mzito asitozwe mara mbili.

Sharti la tatu linatuhusu sisi wa stesheni za katikati. Katika treni, kiti kimoja ni bidhaa kadhaa. Abiria aliyetoka Dar es Salaam akishuka Morogoro, kiti chake ni kitupu kutoka hapo kuendelea. Programu inayohesabu kiti kwa safari nzima itamwambia mtu wa Kilosa kwamba treni imejaa, hali kiti kitapita mbele ya macho yake hakina mtu. Hesabu iliyo sahihi hufanywa kipande kwa kipande, kutoka stesheni hadi stesheni.

Msidhani matatizo haya ni ya nchi changa tu. Novemba 2022, nchini Marekani, kampuni ya Ticketmaster ilizidiwa na maombi ya tiketi za mwimbaji Taylor Swift, hata mauzo yaliyokuwa yafunguliwe kwa umma yakafutwa. Januari 2023 kiongozi wa kampuni yake mama akahojiwa mbele ya kamati ya Seneti. India, kuanzia Julai 1, 2025, tiketi za treni za dharura zinazonunuliwa kwa mtandao huuzwa kwa aliyethibitisha kitambulisho chake cha taifa, ili kuwakata mikono walanguzi wanaotumia programu za kununua kwa kasi kuliko kidole cha binadamu. Kwa hiyo mlanguzi hakufa mwaka 1983; amebadili zana tu.

Tufanye nini basi? Wanaosimamia mifumo ya umma watangaze wazi dakika za kushika kiti, na kiti kilichoachwa kirudi mbele ya macho ya wote, si kwa wanaofahamiana. Idadi ya tiketi kwa mtu mmoja iwe na mpaka, na kila tiketi ibebe jina la msafiri. Dirisha la stesheni lisifungwe, maana mkulima mwenye simu ya kitochi naye ni mwananchi mwenye reli.

Nasi tuna wajibu. Anayeshika viti vitatu ili achague kimoja baadaye anamnyima mgonjwa anayewahi hospitali. Walimu, lichukueni daftari la makarani wawili mlipeleke darasani. Mtoto atakayelielewa leo ndiye atakayeandika programu hizi kesho.

Reli hii imejengwa kwa fedha za umma. Haki ya kuipanda ianzie pale mwananchi anapobonyeza simu yake, iwe Kilosa, Mikumi au Dar es Salaam.